Usipige Msasa Wakati wa Masika

Mwezi huu safu yetu haitaongelea wivu, wala mawifi, wala meseji za usiku wa manane. Tutaongelea piano. Ndiyo, piano, lile kabati lenye meno meupe na meusi. Usifunue ukurasa kwanza! Nakuhakikishia ukifika mwisho utakuwa na la kumwambia mwenzio, hata kama nyumbani kwenu hakuna hata filimbi.

Kwa nini piano? Kwa sababu siku hizi vijana wengi tunaooana tunapenda vitu vya zamani. Mmoja ananunua makochi ya mninga ya enzi za wazee, mwingine cherehani ya kukanyaga, mwingine gari ambalo lina umri mkubwa kuliko yeye. Si vibaya. Mbao za zamani ni ngumu na bei huwa ya maelewano. Ila kitu cha zamani huja na matatizo mawili: lile unaloonyeshwa na muuzaji, na lile lililojificha nyuma yake. Hilo la pili ndilo linalogombanisha watu chumbani.

ILIKUJA NA FUSO

Sisi tunaishi Sumbawanga. Baba watoto aliiona piano hiyo Mbeya, kwa familia iliyokuwa inahama. Ilikuwa piano ya kusimama, ya Kijerumani, jina la mtengenezaji limefutika, vibao 85 badala ya 88 vya piano za kisasa. Bei ilikuwa laki nane. Akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Mama watoto, hii ni bei ya bure. Ina vibao kumi na viwili tu vinavyobana. Jumamosi mbili, kazi imekwisha."

Piano ikapakiwa kwenye Fuso, ikateremka Tunduma, ikapita Laela, zaidi ya kilomita 300 mpaka mlangoni kwetu. Kuishusha walihitajika wanaume sita, maana piano ya kusimama huwa na kilo mia mbili na zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni fremu ya chuma iliyo ndani.

Hiyo ilikuwa Januari. Mume wangu alikuwa ameshawaahidi wazazi wake kwamba Jumatatu ya Pasaka, kwenye jubilei yao ya miaka 40 ya ndoa, binti yetu mkubwa angewapigia wimbo kwa piano hiyo. Wageni walishaanza kualikwa. Na mimi, ambaye ndiye mweka daftari la nyumba, nilikuwa na hela ya bati benki, ya kuezekea nyumba tunayojenga. Tukakaa tukaandika: matengenezo ni laki tatu, hela ya bati haiguswi. Tukasaini wote wawili, kama wacheza upatu.

NDANI KUNA KIJIJI

Ukibonyeza kibao cha piano unaweza kudhani unagusa waya moja kwa moja. Wapi! Kibao ni kama pembea ya watoto: mbele kinashuka, nyuma kinapanda. Kikipanda kinasukuma kijiti, kijiti kinarusha nyundo ndogo iliyovikwa kitambaa kizito cha felti, nyundo inagonga waya na kurudi papo hapo. Wakati huohuo kizimio kilichokuwa kimeukandamiza waya kinabanduka ili sauti itoke. Ukiachia, kizimio kinarudi na sauti inakatika. Mtaliano Bartolomeo Cristofori ndiye aliyebuni ujanja huu mjini Florence karibu na mwaka 1700, na mpaka leo msingi wake ni uleule.

Sasa hesabu. Kila kibao kimoja kina makumi ya vipande vya mbao, felti, ngozi, chemchemi na pini. Piano nzima ina maelfu. Kwa hiyo kibao kisiporudi juu, mkosaji anaweza kuwa yeyote katika msururu huo. Sawasawa na mtu anayenuna mezani. Chakula kina chumvi sawa, lakini jambo lilianzia kazini kwake, saa nne asubuhi.

Ufipa si mahali pageni kwa muziki wa kanisani. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kwaya zetu zinajulikana. Lakini kwaya nyingi leo zinatumia kinanda cha umeme, na fundi wa kinanda cha umeme ukimfungulia piano anakuna kichwa. Fundi wa piano tuliyempata kwa njia ya simu alikuwa Dar es Salaam. Nauli, malazi na ujira wake vingezidi hela yote tuliyotenga. Akatupa ushauri wa bure: "Msipake chochote. Msikate chochote. Hesabuni kwanza, halafu mnitumie picha."

Jumamosi ya kwanza tukatoa vibao kimoja kimoja, tukivipanga mkekani kwa namba zake, maana kila kibao kina namba iliyogongwa na kiwanda. Chini yake tulikuta sarafu za senti, kibanio cha nywele, maganda ya karanga na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa felti ya piano yenyewe. Pale panya alipoacha, nondo walimalizia. Kila kibao hukalia duara dogo la felti, na yale maduara yalikuwa yameliwa, mengine nusu, mengine yote. Ndiyo maana vibao vilikuwa juu chini, juu chini, kama mgongo wa Milima ya Mbizi.

Kiota hicho kilitatua na fumbo jingine. Tangu piano iingie, usiku ilikuwa inatoa sauti yenyewe. Ting! Kimya. Ting! Sasa huu ni mji ambao jina lake kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Jirani mmoja alishaanza kutupitia mbali. Kumbe panya alisafiri bure kutoka Mbeya.

KASHESHE LA KWANZA: MAFUTA

Mtambo wa ndani ukifunguliwa vishikizo vyake hutoka mzima, kama droo. Pale ndipo tulipoona kwamba kuna mtu, miaka ya nyuma, aliwahi kudondoshea mafuta kwenye viungo. Ni wazo ambalo kila mtu analo. Baiskeli ikilia tunatia mafuta, bawaba ikilia tunatia mafuta. Lakini kiungo cha piano si chuma kwa chuma. Ni pini nyembamba kama sindano, inayozunguka ndani ya kitambaa cha sufu kilichogandishwa kwenye tundu la ubao. Mafuta yakiingia, kitambaa na ubao vinavimba, vumbi linanasa, na kiungo kinazidi kubana kuliko mwanzo.

Viungo tisa vilikuwa hivyo. Dawa ilikuwa kutoa pini, kubandua kitambaa, kusafisha na kuweka vipya. Pini na kitambaa tuliagiza Ujerumani, pamoja na felti. Usafiri ulikuwa ghali kuliko bidhaa. Kifurushi kilikuja kinaenea kiganjani, na kwenye daftari nikaandika laki moja na nusu. Baba watoto alikiangalia kile kifurushi, akaniangalia mimi, akaenda kukaa nje.

KASHESHE LA PILI: MENO NI YA NINI?

Vipande vyeupe vya juu ya vibao vingine vilikuwa vimelegea. Shemeji yangu mmoja, mtu wa kuona video moja na kuwa mtaalamu, alikuja na pasi ya umeme. Alisema ukiweka kitambaa kibichi na pasi juu yake, gundi inalainika na jino linabanduka. Ni kweli njia hiyo ipo. Ila inategemea jino ni la nini.

Hapa nikuibie kidogo historia, maana hili linatuhusu. Piano nyingi za zamani zilikuwa na meno ya pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka huku kwetu. Misafara ilizichukua bara, ikapita Ujiji na Tabora, ikateremka Bagamoyo na kuvuka Zanzibar. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, akaondoka na shehena kubwa ya pembe. Kutoka Zanzibar meli zilizipeleka mpaka jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda kama Pratt, Read vilizikata kuwa vipande vyembamba vya vibao vya piano. Wapagazi waliobeba mzigo ule wengi hawakuwahi kusikia piano inalia. Ukiijua habari hiyo, huwezi tena kugusa jino jeupe kama unagusa kitu cha kawaida.

Halafu kuna sheria. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku, na marufuku ikaanza kutumika mwaka 1990. Hapa nchini, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu pembe kuwa nyara ya Serikali. Kwa hiyo ukishuku kwamba piano yako ina pembe, nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kabla hujauza, hujasafirisha, wala hujavuka nayo mpaka. Usijitetee kwamba "ni kinanda tu".

Utatambuaje? Jino la pembe mara nyingi ni vipande viwili, kimoja kipana mbele na kingine chembamba nyuma, na ukiangalia kwa makini utaona mstari mwembamba walipokutana. Pia lina michirizi ya asili isiyofuata rula. Ya kwetu yalikuwa kipande kimoja kimoja, na michirizi yake imenyooka kama daftari la hesabu. Fundi aliangalia picha, akapiga simu haraka: "Hiyo siyo pembe. Hiyo ni seluloidi. Ondoeni pasi!"

Seluloidi ni plastiki ya zamani iliyotengenezwa kuiga pembe. Ndiyo iliyotengenezea filamu za sinema za zamani, na inashika moto kwa kasi ya ajabu. Pasi ya shemeji ingeweza kutuunguzia sebule nzima. Tukabandua kwa kisu chembamba, polepole, bila moto, na shemeji akapewa kazi ya kumenya viazi.

KASHESHE LA TATU: GUNDI NA VIKANDA

Nyundo kadhaa zilikuwa zinacheza kwenye mipini yake, zikigonga zinalia "tok". Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo kwa miaka mingi ikipata unyevu na ukavu kwa zamu huchoka na kuachia. Wengi wetu tungekimbilia ile gundi ya papo kwa papo ya dukani. Fundi akatukataza. Gundi ya wanyama ina sifa moja kubwa: ukiipa joto na unyevu inaachia tena, kwa hiyo fundi wa miaka 50 ijayo ataweza kufungua na kurekebisha. Ile ya dukani ikishika imeshika, na anayekuja baadaye atavunja ubao ili afungue.

Vilevile kila nyundo ina kikanda kidogo cha kitambaa chenye ncha ya ngozi, kinachoisaidia kurudi. Vyote 85 vilikuwa vimeoza, ukivigusa vinakatika. Fundi viatu mmoja pale mjini akatukatia ncha za ngozi kwa hela ya soda. Vikanda tulivifunga sisi wenyewe, watoto wakishalala, yeye upande wa sauti nene na mimi upande wa sauti nyembamba, tunakutana katikati. Ilichukua usiku kumi na moja. Hatukuwa tumekaa hivyo, bila televisheni wala simu mkononi, tangu uchumba. Gharama ya vitambaa, gundi na ngozi ilikuwa elfu sitini. Kwenye daftari tulikuwa tumebakiwa na elfu tisini.

KASHESHE LA NNE: MASIKA

Mwisho wa Februari tukarudisha kila kitu mahali pake. Namba 1 mpaka 85. Baba watoto akabonyeza kimoja kimoja, mimi naandika. Tulianza na vibao 12 vinavyobana. Sasa vilikuwa 31.

Nilimwona akitoa kalamu sikioni na kuiweka mezani taratibu. Alikwenda stoo, akarudi na msasa na tupa. Alichotaka kufanya kinaeleweka. Kila kibao kina matundu mawili yenye kitambaa, na ndani ya kila tundu kuna pini ya chuma inayokiongoza kisiyumbe. Tundu likibana, kibao hakirudi. Ukilipanua kwa tupa, na mbavu za kibao ukazipiga msasa, kinarudi palepale. Kazi ya siku moja, na Pasaka ilikuwa inakaribia.

"Subiri kwanza," nikamwambia.

"Nisubiri nini? Unataka nimwambie mama nini?"

Hapo hatukuwa tunaongelea piano tena. Yeye ni mtoto wa kwanza. Kwao, ahadi mbele ya ukoo si jambo la kuchezea. Siku mbili tulisemeshana kwa kupitia watoto: "Mwambie baba chai tayari." "Mwambie mama nimeshakunywa."

Siku ya tatu nikamwita fundi seremala mmoja mzee, yule aliyetutengenezea milango. Hajawahi kufungua piano maishani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akazunguka lile kabati mara mbili, akatuuliza swali moja.

"Mlango wenu wa uani, Februari unabana?"

"Unabana, mzee," mume wangu akajibu.

"Na Agosti?"

"Agosti unafunguka wenyewe."

"Basi hii ni milango themanini na mitano."

Wasomaji wangu wa Dar na Mwanza niwaeleze kidogo. Sumbawanga iko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwetu mvua huanza karibu Novemba na kuisha karibu Aprili, mfululizo. Halafu unakuja ukavu wa miezi mingi, pamoja na baridi na upepo wa Juni na Julai unaopasua midomo. Mbao hunywa unyevu wa masika zikavimba, kisha kiangazi hukauka zikasinyaa. Wataalamu wa piano wanapenda unyevunyevu wa hewa ukae karibu asilimia 40 hadi 50 mwaka mzima, na kubwa zaidi usipandepande na kushuka. Kwetu hupanda na kushuka kila mwaka, bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo kibao kinachobana Februari kinaweza kuwa kizima kabisa. Kimelewa maji tu. Ukikipiga msasa wakati kimevimba, unaondoa ubao ambao kiangazi utauhitaji. Agosti kitalegea, kitayumba na kugonga jirani yake, na ubao ulioondoka haurudi.

Mume wangu aliuweka msasa juu ya kabati. Hakusema neno. Kesho yake alikwenda kwa wazazi wake mwenyewe, akawaeleza kwamba piano haitakuwa tayari, na kwamba rafiki yake wa kwaya atatuazima kinanda cha umeme. Aliogopa kweli. Mama mkwe wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, baba yako huyu ningempiga msasa kila alipobana, leo angebaki kijiti cha kiberiti."

Jubilei ilifana. Binti yetu alipiga kinanda cha kuazima, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza piano iko wapi.

KIANGAZI KIKASEMA UKWELI

Agosti tulihesabu upya, kwa karatasi ileile. Kati ya vile 31, vibao 26 vilikuwa vinarudi vyenyewe bila kuguswa na mtu. Vilibaki vitano. Hivyo ndivyo vilivyokuwa na ugonjwa wa kweli: vitatu pini zake zilikuwa zimepinda, viwili ubao ulikuwa na ufa. Vitano hivyo tukavitengeneza.

Septemba yule fundi wa Dar alikuwa na kazi nyingine Mbeya, akakubali kuja mpaka kwetu kwa laki tatu na elfu kumi. Hilo lilizidi daftari, kwa hiyo tulikaa tena, tukaandika tena na kusaini tena. Nyongeza ilitoka kwenye maharage tuliyouza, si kwenye bati. Jumla ya matengenezo ikawa laki tano na elfu ishirini. Piano ina waya zaidi ya 200, na mvutano wake kwa pamoja hufikia tani 15 hadi 20. Waya zetu zina kutu, kwa hiyo fundi alikataa kuzivuta mpaka kipimo cha kawaida cha 440, zisije zikakatika. Aliziweka chini kidogo kwa pamoja. Matokeo yake piano yetu haiwezi kupigwa sambamba na kinanda cha kanisani. Peke yake, lakini, inaimba vizuri, na binti anajifunza kila jioni.

TUNAJIFUNZA NINI?

Msomaji, hayo ndiyo niliyotaka tuyaongelee. Kama una kitu cha zamani nyumbani, au una ndoa, au vyote viwili, chukua haya:

1. Hesabu kabla ya kurekebisha. Tuliandika vibao 12, halafu 31, halafu 5. Bila karatasi ile tungebaki kubishana kwa hisia. Hata katika uhusiano, "kila siku unachelewa" na "umechelewa mara mbili mwezi huu" ni maneno mawili tofauti kabisa.

2. Uliza aliyetangulia alitia nini. Mwenzio naye amefika kwako na viungo ambavyo watu wengine walishatia mafuta. Usimlaumu kwa kubana kabla hujajua nani alidondosha nini, na lini.

3. Jua kitu kimetengenezwa kwa nini. Joto linalolainisha gundi ya jino la pembe linaweza kuwasha jino la seluloidi. Utani uliomchekesha rafiki yako unaweza kumchoma mke wako. Usiige video.

4. Tumia gundi inayofunguka. Ukitoa uamuzi wa hasira kama vile kumfukuza shemeji, kufunga akaunti au kutangaza mambo yenu kwenye kundi la ukoo, jiulize kama kesho mnaweza kuufungua bila kuvunja ubao.

5. Subiri msimu ugeuke. Mtoto mchanga, msiba, kazi mpya, deni: hayo yote ni masika. Mtu hubana. Usifanye uamuzi wa kudumu kwa tatizo la miezi mitatu. Weka tarehe, subiri, halafu hesabu upya.

Lakini nisieleweke vibaya, maana najua kuna dada na kaka wanaosoma hapa huku wana maumivu. Vile vibao vitano havikupona kwa kusubiri. Unyevu ni kitu kimoja na ufa ni kitu kingine. Mtu anayekupiga hajavimba kwa masika. Mtu anayekutisha, anayekunyang'anya mshahara wako au anayekudhalilisha mbele ya watoto, huyo usimsubirie Agosti. Nenda kwa mtu unayemwamini, nenda dawati la jinsia la polisi, nenda ustawi wa jamii. Subira ina heshima yake pale tu ambapo wote wawili mko salama.

Na kwa wale ambao kweli wana piano, au wameshaanza kuitamani: iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Jiko la mkaa usiliwashe kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuikausha, maana hewa yake inaua watu. Ifungue na kuipiga mara kwa mara, kwani nondo na panya wanapenda mahali penye giza na utulivu. Kabla ya kununua, bonyeza vibao vyote kimoja kimoja, na muulize muuzaji ni mwezi gani anakuuzia.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutaongelea mkopo wa vikoba ambao mwenzio hajui kama upo. Mpaka hapo, mpendane, na msasa uwekeni stoo. Kila la heri!